Nyumba ya Mkomani: Miaka Sita ya Kubandua Saruji

Mwezi mzima wa kwanza hatukujenga kitu. Tulishinda tukibandua, kwa patasi na nyundo ndogo, saruji ambayo marehemu baba aliipaka kwa jasho lake mwaka 1998 ili kuiokoa nyumba ya wazee wetu iliyoko mtaa wa Mkomani, mjini Lamu. Kila kipande kilichoanguka kilikuja na unga wa jiwe mgongoni mwake, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa kana kwamba umenyeshewa usiku ule, ilhali tulikuwa katikati ya kaskazi, msimu wa upepo mkavu wa kutoka kaskazini, na mvua haikuwa imeonekana kwa wiki kadhaa. Siku hiyo nilielewa kwamba kazi iliyotungoja ilikuwa kuuondoa kwanza msaada tulioupa ukuta sisi wenyewe, kisha kujifunza upya yale ambayo waliouinua waliyajua.

Hakuna aliyetuandikia mwaka ambao nyumba ilijengwa, na sijawahi kukuta hati wala maandishi juu ya mlango yanayoutaja. Hata hivyo imepangwa kama zilivyopangwa nyumba nyingi za mawe za Lamu za karne ya 18. Unaingia kwa daka, yaani ukumbi wa mlangoni, penye baraza mbili zinazotazamana. Unapita tekani, yaani ukumbi wa ndani, ambayo imepindishwa makusudi ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha unatokea kiwandani, yaani uani, penye mwanga wa jua. Kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), halafu ndani yenyewe, na kila unapovuka sakafu hupanda kidogo na mwanga hupungua. Nyuma kabisa ipo nyumba ya kati, ambamo bibi zetu walijifungulia na ambamo maiti wetu walioshewa. Chooni limo birika la maji, ambamo zamani vilifugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila birika duniani lina samaki wake.

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Msana wa yuu una urefu wa mita nane, na upana wake haufiki mita tatu. Upana huo umeamuliwa na mkoko: boriti inayoweza kubeba sakafu nzito bila kupinda ina urefu wake, na mahali boriti inapokoma ndipo ukuta unapojengwa. Babu yangu aliyajua haya vizuri kuliko mafundi wengi, kwa sababu riziki yake ilitoka humo humo. Aliuza boriti kwa majahazi yaliyoteremka na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba na kurudi na kusi, upepo wa kutoka kusini, biashara iliyolisha nyumba nyingi za Lamu mpaka serikali ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje ya nchi mwaka 1982. Ami yangu aliyehamia Muscat alinisimulia kwamba mara ya kwanza alipoingia katika nyumba kongwe ya huko aliinua macho darini akajihisi yuko kwao, maana boriti zilikuwa zile zile na chumba kilikuwa chembamba vile vile.

Kwa desturi ya Waamu, yaani wenyeji wa Lamu, nyumba hupewa binti, na mume ndiye anayehamia kwake. Ndiyo sababu nyumba yetu ni nusu ya jambo. Mzee mmoja wa ukoo alijenga ya pili ng'ambo ya kichochoro kwa ajili ya binti yake mdogo, akaziunganisha kwa wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia kutoka ghorofa hadi ghorofa, ili dada wawili watembeleane bila kushuka mtaani. Nyumba ile ya pili iliuzwa miaka ya tisini kwa mgeni kutoka Ulaya, na mlango wa wikio ukazibwa kwa mawe. Mama alinieleza kwamba siku ulipozibwa, shangazi zake walikaa upande huu wakisikiliza mwiko wa fundi mpaka jiwe la mwisho lilipoingia, na hakuna aliyezungumza.

Basi na sisi tulikaribia kufuata njia hiyo. Babu alipofariki hapakufanywa mgawanyo. Baba alipofariki, warithi walikuwa wamefika 19, wengine Mombasa, wengine Muscat, mmoja Toronto, na kila mmoja akiwa na fungu lake kwa hesabu ya mirathi, baadhi yao mafungu madogo yasiyotosha hata kununua mlango. Nyumba ya namna hiyo haina mwenyewe wa kuitengeneza. Kila mtu anaogopa kutia fedha katika fungu la mwenzake, na kila mvua inapita juu ya woga huo. Tulipokutana kuzungumzia ofa ya mnunuzi, wengi wetu, nami nikiwamo, tulikuja tukiwa tumekwisha kukubali kuuza moyoni. Shangazi mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 81, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nimezaliwa nyumba ya kati. Mkiiuza, mtaniuza na mimi ndani yake." Hakuongeza neno. Ilichukua miezi minane, lakini tuliandikiana mbele ya kadhi kwamba nyumba haitauzwa, kwamba wawili waliohitaji fedha zao walipwe na wengine kwa awamu, na kwamba gharama zigawanywe kwa uwezo, si kwa fungu. Kama ningeulizwa leo ni fundi gani wa kwanza anayehitajika katika nyumba ya urithi, ningesema ni yule anayejua kuwakalisha warithi kwenye mkeka mmoja kabla jiwe halijaguswa.

Fundi mwashi tuliyempata alikuwa mzee aliyejifunza kazi kwa baba yake. Siku ya kwanza hakubeba chombo chochote. Alipita chumba baada ya chumba akigonga kuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akapanda darini, akashuka, akaketi kwenye baraza la daka na kuomba maji. Halafu akaniambia, "Mwanangu, ukuta huu mmeuziba pua."

Maelezo yake, ambayo baadaye niliyaona kwa macho yangu, yalikuwa haya. Kuta zetu zina unene wa nusu mita, nazo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe hilo limejaa vitundu, na ardhi ya kisiwa ina unyevu wenye chumvi, hivyo maji hupanda ukutani tangu siku nyumba ilipojengwa. Waliojenga walijua hivyo. Walipaka chokaa, ambayo nayo ina vitundu, na maji yaliyopanda yalitoka kwa upole kupitia uso wa ukuta yakachukuliwa na upepo. Chokaa ya nje iliyobanduka kwa chumvi ilipakwa tena kila baada ya muda, na jiwe likabaki salama. Saruji haipitishi maji kwa namna hiyo. Ukuta ukivikwa saruji, maji yanakosa pa kutokea na kupanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi inayobaki nyuma hugeuka fuwele zinazotanuka na kulisaga jiwe kuwa unga. Kwetu yalipanda mpaka yakafika mahali ambapo vichwa vya boriti vimezama ukutani. Boriti ya mkoko hukaa vizazi ikiwa kavu, lakini kichwa chake kikilala katika ukuta uliolowa huoza kutoka ndani, huku sehemu inayoonekana ikiwa bado nzuri na ngumu.

Baba hakulijua hilo, na mwaka ule ni wachache waliolijua. Mvua za El Niño za 1997 zilikuwa zimeingia kila nyumba ya Mkomani, chokaa ilikuwa ikidharauliwa kuwa kitu cha maskini, na fundi aliyeitwa kutoka nje ya kisiwa alimwahidi kwamba saruji ingemaliza tatizo kabisa. Mchanga wa kuchanganyia ulichotwa ufukweni, na chumvi yake ikaingia moja kwa moja ukutani. Juu ya sakafu ya zamani ya dari likamwagwa zege lenye unene wa sentimita saba. Nilipokaa na kalamu nilipata kwamba, juu ya msana wa yuu peke yake, baba alikuwa ameongeza uzito wa karibu tani nne juu ya boriti ambazo vichwa vyake vilikuwa vimeanza kuoza. Watoto wetu walikuwa wakilala chini ya hizo tani nne kila likizo. Sikuweza kulala vizuri kwa siku kadhaa baada ya hesabu ile.

Palikuwa na ufa ndani ya msana wa yuu ambao sote tulitaka uzibwe mara moja. Fundi alikataa. Alibandika juu yake vijibandiko vitatu vya chokaa, kila kimoja kipana kama kiganja, akachora tarehe kwa msumari kabla havijakauka. "Kikipasuka, nyumba inatembea. Kisipopasuka, imekwisha kutulia. Usimtibu mgonjwa ambaye hujampima," alisema. Viwili vilipasuka kabla ya masika. Hivyo tulijua kwamba tatizo lilikuwa dari, na kwamba kuziba ufa kungekuwa kuficha kilio cha nyumba.

Lamu ni mji ulio katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba kama yetu haiguswi bila idhini ya ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliyoko mjini. Wapo wanaoiona idhini hiyo kama kizuizi. Sisi ilitufaa, kwa kuwa ilitulazimu kupima na kuchora kila chumba kabla ya kuanza, na michoro ile ndiyo iliyotuonyesha kwamba ukuta tunaochangia na jirani wa ng'ambo, pale wikio linapoegemea, ulikuwa umeinama sentimita tatu upande wetu.

Tulianza Januari 2018. Mwezi wa Februari serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma nchi nzima, na mikoko ya Lamu ikaingia katika zuio hilo. Wakataji wa Lamu, ambao hawana kazi nyingine, waliumia kuliko sisi. Tulikuwa tumekwisha kubandua kuta, dari tumeitegemeza kwa nguzo, na boriti hazipatikani. Nilihesabu kuwa ni hasara mpaka fundi aliponiambia kwamba hata ningemwomba aharakishe asingekubali, kwani ukuta ulioshiba maji kwa miaka 20 haukauki kwa mwezi. Tukauacha uchi mwaka mzima. Chumvi ilitoka kama ukungu mweupe juu ya mawe, nasi tukawa tukiifagia kwa ufagio wa chelewa, tukiikusanya ndani ya mfuko na kuitupa mbali ili isirudi ardhini palepale. Mwanzoni tulijaza ndoo kwa wiki. Kaskazi iliyofuata ilikuwa ni konzi moja tu. Sijui jambo lolote jingine katika ujenzi ule lililokuwa na faida kubwa kama ule mwaka wa kungoja, na lilikuwa jambo ambalo hatukulipia hata shilingi.

Wakati huo tulitafuta chokaa. Tulivuka hadi kisiwa cha Manda, ambako mawe yake ndiyo yaliyojenga mji huu, tukaona tanuri linavyopangwa: magogo hulazwa kwa duara, safu juu ya safu, vipande vya matumbawe hupangwa juu yake, moto hutiwa katikati na kuachwa ule mpaka lundo lote liporomoke na kubaki jeupe. Chokaa mbichi tulivusha kwa mashua na kupandisha kwa punda, ndani ya mashogi, kwa kuwa hakuna gari linaloingia vichochoro vya Mkomani. Tukaizima kwa maji matamu katika shimo tulilochimba kiwandani, ikachemka na kutoa mvuke mbele ya watoto waliokatazwa kukaribia, kisha tukaifunika kwa magunia yaliyolowa na kuiacha miezi sita. Chokaa iliyokaa namna hiyo huwa laini kama siagi na hushika bila kupasuka. Kuhusu mchanga, fundi alikataa kabisa wa vilima vya Shela, ingawa uko karibu, akatueleza kwamba vilima vile ndivyo vinavyoshika maji ya mvua yanayojaza visima vya mji. Anayeviiba anakunywa maji ya wajukuu wake. Tuliagiza mchanga wa bara na kuuosha.

Zuio la mikoko lilipoondolewa kwa Lamu mwaka 2019, tuliagiza korija tatu za boriti, yaani 60, tukijua baadhi zitakataliwa. Katika biashara hii kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na muuzaji mwaminifu hapandishi mazio cheo akaiita boriti. Ami yangu wa Muscat aligharimia korija zote tatu, akasema kwamba mali ya babu imetoka katika mti huo na ni haki irudi. Tulibadilisha 46. Kazi ilikwenda boriti moja baada ya nyingine, kwa kutegemeza, kuchomoa, kusafisha tundu, kuingiza mpya na kuacha nafasi kuzunguka kichwa chake ili hewa ipite. Boriti za zamani zilizokuwa na afya tuliziacha mahali pake, na fundi alizipapasa kwa heshima akisema mti wa namna ile haukatwi tena siku hizi, kwa kuwa hauachwi kufikia umri ule.

Zege lote lilishushwa kwa ndoo. Juu ya boriti tukapanga mawe bapa, juu ya mawe kokoto za matumbawe na chokaa, na hapo ikaja kazi ambayo nilikuwa nimeisikia kwa bibi tu: kupiga sakafu. Kwa siku tatu, vijana na akina mama wa ukoo walisimama safu kwa safu darini wakiwa na vipande mikononi, yaani vigongo bapa vya kazi hiyo, wakipiga kwa pamoja na kurudi nyuma kwa pamoja, huku maji ya chokaa yakinyunyizwa mbele yao. Kazi hiyo haiwezekani bila wimbo, kwa sababu mapigo yasiyolingana huacha mahali pengine pagumu na pengine pepesi, na penye wepesi ndipo maji yatakapoingia. Shangazi mkubwa aliomba kiti kipandishwe darini, akaongoza nyimbo kutoka hapo. Alikuwa ameacha kutembea vizuri, lakini sauti yake ilisikika mpaka barabara ya Usita wa Mui, na majirani ambao hatukuwaalika walipanda wakiuliza kama kuna kipande cha ziada. Mlizamu wa kutolea maji tuliurudisha mahali pake pa zamani. Baba alikuwa ameuhamisha, na maji yalikuwa yakimwagika juu ya ukuta wenyewe.

Ukuta wa pamoja, ule ambao wikio limeegemea, ulitupeleka kwa jirani, mwenye ile nyumba ya pili. Kubandua saruji upande wetu na kuiacha upande wake kungekuwa kazi ya bure, maana ukuta ni mmoja na maji hayajui mpaka. Nilimwandikia mwenye nyumba barua ndefu pamoja na michoro na picha, nikitarajia kukataliwa. Alikuja Desemba, akakaa na fundi siku mbili, akabandua chumba chake chote cha ghorofani. Wikio bado limezibwa, na sikumwomba alifungue. Nyumba ni yake sasa. Lakini alipokuwa akibandua alifika kwenye yale mawe yaliyoziba mlango, akatuita tupande kwake tuyaone kwa upande ule. Mama alikwenda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumba ile tangu 1994.

Kazi ya ndani ilikuwa ya mwisho na ndiyo niliyoiogopa zaidi. Ukuta wa vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, au zidaka kama tuitavyo wenyewe, ulikuwa na safu tano za nakshi zilizochongwa katika chokaa ingali mbichi, na theluthi yake ilikuwa imeliwa na chumvi. Baadhi ya ndugu walitaka zote zichongwe upya zifanane. Fundi alikuwa na uwezo huo. Niliomba tusifanye, na bado naamini tulikuwa sahihi: palipobaki mkono wa mchongaji wa kale tulipaimarisha kwa maji ya chokaa, tone kwa tone, na palipokwisha tulijenga kidaka chenye umbo na kipimo kile kile bila nakshi. Anayeingia leo anaona wazi kipi kilirithiwa na kipi kiliongezwa na sisi. Wanetu hawatahitaji kutuuliza, kama sisi tulivyokosa wa kumuuliza.

Jambo ambalo ningelifanya tofauti ni daftari. Nilianza kuandika mwaka wa pili, na vipimo vya mwanzo vya mchanganyiko wa chokaa vilibaki kichwani mwa fundi. Alipougua mwaka 2021 nilikaa kando ya kitanda chake nikiandika, naye akinisahihisha: chokaa sehemu moja kwa mchanga tatu kwa lipu ya chini, mchanga upungue kadiri unavyokaribia uso, ukuta uloweshwe jana yake na asubuhi yake, lipu mpya ifunikwe kwa gunia isipigwe na upepo wa kusi. Alipona na kumaliza kazi pamoja nasi. Mwanawe sasa ana nakala ya daftari hilo, na nakala nyingine imo katika kidaka cha kwanza upande wa kulia, pamoja na michoro na makubaliano ya kadhi.

Tulimaliza mwishoni mwa 2023. Kijibandiko cha tatu cha chokaa, kile ambacho hakikupasuka, hakijaondolewa, na vingine viwili vipya vilibandikwa karibu yake baada ya sakafu kupigwa. Mpaka masika iliyopita vilikuwa vizima. Nyumba ya chokaa hupakwa chokaa kila mwaka, nasi tumekubaliana ipakwe mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, kwa zamu za matumbo, yaani matawi ya ukoo. Mwaka jana walipaka watoto wa ami. Mwaka huu ni wa shangazi mkubwa, na wajukuu zake wanne wamekwisha kukata tikiti kutoka Mombasa; chokaa yao iko shimoni kiwandani, imefunikwa, na mama hulilowesha gunia lake kila alhamisi.